Mtoto Ana Miaka Mingapi?

(Mazungumzo na wazazi na vijana)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana wetu, leo nataka tuzungumze juu ya swali dogo sana. Tunaulizwa swali hili kwenye dirisha la tikiti, kwenye ofisi ya skuli, kwenye basi, na siku hizi hata kwenye simu. Swali lenyewe ni hili: "Mtoto ana miaka mingapi?"

Nimelichagua kwa sababu Idd iko mbele yetu. Wengi wenu mna jamaa Dubai, na wako watakaofunga safari kuwazuru na watoto wao. Na mtoto akisikia Dubai, jambo la kwanza atakalouliza ni Legoland. Sasa tuyaeleze mambo haya vizuri, maana ndani yake mna elimu, na mna mtihani pia.

Legoland ni bustani ya michezo iliyojengwa kwa jina la yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, Lego. Ya kwanza ilifunguliwa Billund, nchini Denmark, mwaka 1968. Ikafuata ya Windsor, Uingereza, mwaka 1996, na ya California, Marekani, mwaka 1999. Ya Dubai ilifunguliwa mwaka 2016. Mna mabembea, mna treni, mna miji mizima iliyojengwa kwa vitofali. Lakini zaidi ya mabembea, bustani hizi zilijulikana pia kwa madarasa ya roboti. Mtoto huingia chumbani, hukaa mbele ya kompyuta, akaipa roboti amri, kisha akaitazama inavyotii.

Roboti zenyewe ziliitwa Mindstorms. Zilitoka mwaka 1998, na jina lao lilitokana na kitabu cha mwaka 1980 cha mwalimu mmoja, Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini. Huyu bwana kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu aliyechunguza namna akili ya mtoto inavyokua hatua kwa hatua. Papert akasema mtoto asiwe wa kuamrishwa na kompyuta tu, bali yeye mtoto ndiye aiamrishe kompyuta. Ni fikra nzuri, na ndiyo iliyozaa madarasa haya.

Tatizo liko mlangoni. Nafasi ni chache, lazima ujiandikishe, na umri umewekewa mpaka. Hapo ndipo mama anapomwangalia mwanawe wa miaka sita, akaangalia lile tangazo, kisha akamnong'oneza: "Ukiulizwa, sema una minane."

Kwa nini umri uwekewe mpaka?

Wengine husema, "Wanatubagua tu, mwanangu ana akili kuliko wa miaka kumi." Huenda ni kweli ana akili. Lakini hebu tuangalie kazi yenyewe.

Roboti ya Mindstorms ina sehemu tatu kubwa: kisanduku ambacho ndicho ubongo wake, mota za kuisogeza, na sensa, yaani vifaa vya kuhisi. Sensa moja huhisi kuguswa, nyingine hutambua rangi, nyingine hupima umbali. Mtoto hupanga amri kwenye kompyuta moja baada ya nyingine: nenda mbele, simama, geuka, ngoja mpaka uone mstari mweusi.

Sasa chukua aina ya EV3 iliyotoka mwaka 2013. Kwenye boksi lake iliandikwa miaka 10 na kuendelea. Gurudumu lake lina kipenyo cha milimita 56. Likizunguka mara moja, roboti husogea karibu sentimita 17.6. Mwalimu akisema, "Ipelekeni roboti yenu sentimita 88 mbele," mtoto anatakiwa agawanye, apate mizunguko mitano. Kisha ageuze roboti kwa digrii 90. Mtoto wa miaka sita hajafundishwa kugawanya kwa desimali, na digrii hazijui. Si mjinga. Hajafika tu.

Na atafanya nini akiwa ndani? Atabonyeza ovyo, roboti itagonga ukuta, wenzake watacheka, naye atatoka akisema, "Mimi roboti siziwezi." Mwana ambaye miaka miwili baadaye angeipenda elimu hii ameshaichukia. Wewe mzazi ulidhani unamfungulia mlango, kumbe umemfungia.

Halafu kuna haki ya mwenzake. Mara nyingi watoto hukaa wawili wawili kwenye kompyuta moja. Mwanao asipoweza, yule wa pili, mtoto wa watu ambaye mamake alisema kweli, kipindi chake chote kitapotea. Na kiti alichokikalia mwanao kilikuwa cha mtoto mwingine aliyefikia umri, akarudishwa mlangoni kwa kuwa nafasi zimejaa. Haya si mambo madogo, ndugu zangu. Hiyo ni haki ya mtu, na haki ya mtu ni nzito.

Kimo hupimwa, umri husemwa

Mwenye kwenda kwenye bustani hizi ataona jambo moja. Kwenye mabembea makubwa kuna kipimo cha kimo. Mtoto husimama kando yake, akifika ataingia, asipofika atarudi. Hapo hapana maneno, huwezi kumrefusha mwanao. Lakini kwenye umri aghalabu hapana kipimo. Watakuuliza tu, wewe ujibu. Wamekuamini.

Basi kimo kikawa kinapima mwili wa mtoto, na umri ukawa unapima ulimi wa mzazi!

Na jambo la kuchekesha, ingawa ni la kusikitisha, ni kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na miaka tofauti kwa siku moja. Bustani nyingi za namna hii huwaingiza watoto wachanga bure, basi kwenye dirisha la tikiti mtoto "hajatimiza miaka mitatu bado". Akifika kwenye darasa la roboti, "ana miaka minane, ni mdogo wa umbo tu." Asubuhi kapunguzwa, adhuhuri kaongezwa, na mwenyewe amesimama pale anasikia yote mawili. Ana macho, ana masikio. Mnadhani hajifunzi? Amekwenda kujifunza roboti, akafundishwa uongo na babake mwenyewe.

Wala tusiwanyooshee kidole wanaokwenda Dubai peke yao. Hapa kwetu mtoto wa darasa la nne hupakatwa kwenye basi ili asilipiwe kiti. Mchezaji wa mpira hupunguzwa miaka ili acheze na wadogo. Kijana huongeza miaka ili afungue ukurasa kwenye simu. Ni maradhi yale yale, ni dirisha tu lililobadilika.

Twajua sote, kisa kimepokewa na Abu Daud, cha mama aliyemwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikuwa anataka kumpa nini. Akasema tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Ikiwa kumwambia mtoto uongo kwahesabiwa, itakuwaje kumfundisha mtoto naye auseme?

Ibn Umar alirudishwa

Vijana, hapa nawageukia nyinyi, maana kuambiwa "hujafika umri" kunauma. Naujua uchungu wake. Lakini hamkuwa wa kwanza.

Abdullah bin Umar (R.A.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14. Mtume (S.A.W.) hakumruhusu. Siku ya Khandaq akajitokeza tena, akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Wamepokea Bukhari na Muslim. Angalieni: yule ni mtoto wa Umar bin Khattab, mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito Madina. Hakuongezewa mwaka. Alirudi, akangoja, wakati wake ukafika. Na huyo aliyerudishwa ndiye baadaye akawa miongoni mwa sahaba waliopokea hadithi nyingi zaidi. Kurudishwa hakukumpunguza chochote.

Basi tufanye nini?

Msiseme shekhe amekuja kukataza tu. Haya hapa ya kufanya.

Kwanza, uliza kabla ya kusafiri. Mindstorms ziliacha kutengenezwa mwisho wa mwaka 2022, na madarasa hubadilika majina, vifaa na umri. Mwambie jamaa yako aliyeko huko aulize: darasa lipo? Umri ni kuanzia mingapi? Mzazi anaingia pamoja na mtoto? Waandikisha siku ile ile au mapema? Ukishajua, ndipo umuahidi mtoto. Usimuahidi kisha ukalazimika kudanganya ili utimize ahadi.

Pili, kama una watoto wawili, mmoja amefika na mmoja hajafika, gawaneni. Baba aende na mkubwa, mama abaki na mdogo kwenye vitofali vya kujenga, au kinyume chake. Na huyo mdogo mwambie kweli mapema, nyumbani, si mlangoni mbele za watu: "Wewe zamu yako bado, ikifika tutakuleta inshallah."

Tatu, mtafutie mdogo kilicho chake. Kuna programu ya ScratchJr, iliyotolewa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, haihitaji hata kujua kusoma. Kuna Scratch yenyewe, ya mwaka 2007, kwa miaka 8 hadi 16. Zote hazilipishwi. Hata mashindano ya FIRST LEGO League, mwaka 2020 yalipangwa upya kwa umri: wa miaka 4 hadi 6 kivyao, wa 6 hadi 10 kivyao, wa 9 hadi 16 kivyao. Waonaje? Ngazi iko, na kila mtoto ana kidato chake. Kosa ni kumrusha vidato viwili kwa mara moja.

Nne, mpeleke mahali pasipoulizwa umri. Huko huko Dubai kuna jengo la maduka liitwalo Ibn Battuta, kwa jina la yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ndani yake kuna mfano wa saa ya tembo ya Al-Jazari, Muislamu aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Alieleza humo saa za maji, pampu, na hata sanamu za wapiga ngoma zinazojiendesha juu ya mashua. Msimamishe mwanao pale, umwambie: "Haya ya roboti si mageni kwetu. Wazee wetu katika dini waliyaanza kwa maji na kamba."

Tano, nyinyi vijana mliokwisha kufika umri, msijifungie na mlichojifunza. Wakusanyeni wadogo zenu baada ya Alasiri, hata kama hamna roboti. Mmoja awe roboti, wengine wamuamrishe: hatua tatu mbele, geuka kulia, simama ukigusa ukuta. Akitii neno kwa neno wataona wenyewe kwamba amri iliyokosewa humpeleka pabaya. Hiyo ndiyo programu, na haina tikiti.

Ndugu zangu, hivi karibuni watoto wetu watatuuliza kama wamefika umri wa kufunga. Twawaambia, "Leo funga mpaka Adhuhuri, mwakani utaongeza." Hatuwadanganyi, na hawavunjiki moyo. Wanasubiri kwa hamu, na siku ya funga yao ya kwanza kamili nyumba nzima inafurahi. Basi subira hiyo twaijua, tunayo majumbani. Tuende nayo hadi kwenye mlango wa darasa la roboti, na tukiulizwa mtoto ana miaka mingapi, tuseme ile aliyopewa na Mola wake, bila kuzidisha wala kupunguza.

Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, atujaalie watoto wenye elimu na ulimi wa kweli, na atufikishe Idd kwa salama. Amin.