Neno Safari Kusini mwa Afrika: Msamiati wa Utalii na Udugu wa Lugha za Kibantu



Nawashukuru walioandaa mhadhara huu kwa kuniachia uhuru wa kuchagua mada. Wengi wenu, nadhani, mlitarajia nizungumzie sintaksia, kwa kuwa ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi. Nimechagua neno moja tu, nalo ni safari. Na nimeamua kulifuata mahali ambapo si kwao. Katika Afrika Kusini, Botswana, Zimbabwe na Zambia, likizo ya kwenda kutazama wanyamapori huitwa kwa neno hili la Kiswahili. Huitwa hivyo na wenyeji ambao aghalabu hawasemi Kiswahili, wakiwahudumia wageni ambao nao hawakisemi.

Jambo hili lingeweza kuchukuliwa kuwa kichekesho cha kileksika, lau si mambo mawili yaliyotokea karibuni. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingeingizwa shuleni kama lugha ya hiari kuanzia mwaka 2020. Kisha, mwezi Agosti 2019, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, walipokutana Dar es Salaam, walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Tangazo ni jambo moja, na mwalimu mbele ya ubao ni jambo jingine. Lakini mlango umefunguliwa. Mwanafunzi wa Limpopo au wa Maun atakayeupita mlango huo tayari analo mdomoni neno moja la Kiswahili, alilofundishwa na mabango ya kampuni za utalii. Swali langu ni hili: je, neno hilo litamsaidia kutufikia, au litamzuia?

Tuanze nyumbani. Safari ni neno lenye asili ya Kiarabu, lililozaa kwetu ukoo mkubwa: kusafiri, msafiri, msafara, usafiri, kusafirisha. Katika matumizi ya kawaida safari huwa na mtu, mahali atokapo, mahali aendapo, na haja inayompeleka. Ndiyo maana mtu akikwambia ana safari, swali lako la kwanza ni "ya wapi?" na la pili, ukiwa na uhusiano naye wa kutosha, ni "kuna heri?" Aliyetoka asubuhi akazunguka porini, akarudi kula chakula cha mchana pale pale alipolala, hatumwiti msafiri. Huyo amekwenda matembezini. Tuna pia maana ya pili, ambayo wageni hawaijui kabisa: tunaposema "safari hii sikubali", hatuzungumzii mwendo bali zamu, mara, wasaa.

Waingereza walilichukua neno hili katikati ya karne ya 19 kutoka katika misafara ya bara, ile iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Lilikuwa neno la wapagazi, mizigo, posho na miezi ya kutembea kwa miguu. Hapa yafaa tujiulize kwa nini halikuzaliwa kusini. Jibu, kwa maoni yangu, limo katika mdudu mmoja, mbung'o. Penye mbung'o maksai na farasi hufa. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki na ya Kati mzigo ulikwenda juu ya kichwa cha mwanadamu. Katika nyanda za juu za Afrika Kusini, ambako mbung'o hawakuwapo, mzigo ulikwenda katika gari kubwa la kukokotwa na maksai, na mwendo wa gari hilo ulikuwa na jina lake la Kiholanzi, trek. Wawindaji walioelekea kaskazini walilazimika kuyaacha magari ukingoni mwa nchi ya mbung'o na kuendelea kwa miguu. Hata huko hawakuhitaji neno letu. Katika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia, maofisa wa kikoloni waliokwenda kukagua vijiji wakiwa na wapagazi walisema wako katika ulendo, neno la Kichewa. Tutalirudia neno hilo, kwa sababu ni ndugu yetu wa damu.

Maana mpya ilitengenezwa Afrika ya Mashariki, na wawindaji. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 na kuongoza msafara wa mamia ya wapagazi, magazeti ya Marekani yalilifanya neno safari kuwa la kila nyumba. Kutoka hapo lilihamia kusini pamoja na watu wa kazi hiyo. Mfano ulio wazi ni Harry Selby, mwindaji aliyepata jina lake Kenya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, na kuendeleza biashara ya uwindaji akiwa Maun. Bunduki nyingi baadaye zilibadilishwa na kamera, lakini neno lilibaki, na orodha ya wawindaji ilibaki nalo: simba, chui, ndovu, nyati na kifaru, wanyama watano waliohesabiwa kuwa wa hatari zaidi kuwawinda kwa miguu. Mtalii wa leo huwatafuta hao hao watano akiwa ameketi garini. Hao hao wamechapwa katika noti za randi.

Yapo maneno mengine yetu yaliyochukua njia hiyo. Boma limeingia kusini kwa milango miwili. Malawi na Zambia liliingia na utawala, na hadi leo kwenda boma ni kwenda makao makuu ya wilaya. Katika loji za Afrika Kusini na Botswana, boma ni ua wa duara wa miti au matete, wenye moto katikati, ambamo wageni hula chakula cha jioni chini ya nyota. Waafrikana, kwa upande wao, hawakuhitaji kuazima jina la hifadhi. Waliiita wildtuin, bustani ya mawindo. Tusiwacheke. Nasi neno mbuga, lililotaja uwanda wa udongo mweusi unaotuama maji, tumelipanua hadi likawa hifadhi nzima yenye vilima na misitu.

Mwaka 2023 mimi na mke wangu tulikaa siku chache katika hifadhi mojawapo ya binafsi zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kruger upande wa magharibi. Gari lilikuwa wazi. Mwongoza watalii aliendesha, na mfuatilia nyayo aliketi katika kiti kilichofungwa mbele kabisa, juu ya taa. Wageni wenzetu walikuwa kutoka Ulaya. Kwao mwongozaji alizungumza Kiingereza safi. Lakini kila baada ya dakika chache alishika redio ya upepo na kuongea na madereva wengine, na hapo majina ya wanyama yaligeuka. Nilisikia ndlopfu. Nilisikia nyarhi. Baadaye kidogo nikasikia mhisi. Nilimnong'oneza mke wangu kwamba mbele yetu kuna fisi, na baada ya kona mbili tukamkuta amelala kando ya shimo.

Mwongozaji aligeuka akaniuliza nimejuaje. Nilimweleza kwamba natoka Tanzania na kwamba kwetu mnyama huyo ni fisi. Alicheka sana. Akaniambia kwamba hutumia Kitsonga redioni makusudi, ili mgeni asijue kilichoonekana na asivunjike moyo iwapo mnyama ataondoka kabla hatujafika. Tangu hapo aliniita tatana, baba kwa lugha yake, na jioni ile tulikaa tukibadilishana maneno hadi moto ulipofifia. Nilipomuuliza kwao mwendo wa mtu aendaye mbali huitwaje, hakujibu safari. Alijibu riendzo.

Wanaisimu walioko hapa wameshaona ninakoelekea. Neno lililoandikwa ubavuni mwa gari lile lilikuwa letu kwa herufi, na maana yake ilikuwa ngeni kwangu. Maneno yaliyofichwa ndiyo niliyoyaelewa. Tazameni riendzo la Kitsonga, rwendo la Kishona, ulendo la Kichewa na mwendo letu: mzizi ni ule ule wa kwenda. Tazameni ndovu: Kizulu indlovu, Kitsonga ndlopfu, Kichewa njobvu, Kishona nzou, Kitswana tlou. Fisi ni fisi vile vile kwa Wachewa. Kwa Wazulu ni impisi, kwa Watswana ni phiri.

Mfanano huu una kanuni. Nyati wetu ni inyathi kwa Kizulu, nyarhi kwa Kitsonga, nare kwa Kitswana. Sasa hesabuni: tatu yetu ni nharhu kwa Kitsonga na tharo kwa Kitswana. Penye t yetu, Mtsonga ana rh, na Mtswana, katikati ya neno, ana r. Hata phiri ina r hiyo hiyo, kwa kuwa mzizi wa kale ulikuwa na t, ambayo kwetu iligeuka s mbele ya irabu ya juu kabisa. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuigundua kanuni hii mwenyewe akiwekewa maneno kumi mbele yake. Akishaigundua, Kiswahili hakitakuwa kwake tena lugha ya kigeni iliyoletwa na tangazo la serikali.

Si majina ya wanyama pekee yanayompita mgeni bila kusomwa. Kambi kuu ya Kruger inaitwa Skukuza. Ndilo jina la utani ambalo wasema Kitsonga walimpa James Stevenson-Hamilton, aliyeanza kazi ya uhifadhi mahali hapo mwaka 1902, na maelezo ya kawaida ya jina hilo ni "afagiaye". Alifagia wawindaji haramu. Alifagia pia watu waliokuwa wakiishi ndani ya mipaka. Kambi ilipewa rasmi jina hilo mwaka 1936, na maelfu ya wageni hulala humo. Kaskazini zaidi, huko Pafuri, jamii ya Wamakuleke ilihamishwa kwa nguvu mwaka 1969 ili hifadhi ipanuliwe hadi mto Limpopo. Walirudishiwa haki ya ardhi mwaka 1998, wakakubali ibaki hifadhi, nao wanufaike na loji zilizomo. Mimi siwezi kuita uhamisho ule safari, ijapokuwa ulikuwa na watu, mizigo, chanzo na kikomo. Lakini naona ni haki mtu anayekwenda huko likizo ayajue majina hayo yanasema nini, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba habari ambazo bango la kampuni haliwezi kuzibeba.

Wenzangu wa leksikografia wamenihoji mara nyingi: je, kamusi zetu ziipokee maana hii ya kitalii? Wapo wanaotaka ikataliwe kwa kuwa ni maana ya wakoloni. Sikubaliani nao. Arusha na Moshi vijana wetu wanasema "kampuni ya safari" na "wageni wa safari", na dereva anayesema "niko safari hadi Jumamosi" yuko kazini na wageni wake. Haya ni matumizi ya wasemaji halisi, na kamusi isiyoyaandika inasema uongo kwa kunyamaza. Maana hiyo iingizwe, ipewe nambari yake ya tatu, baada ya mwendo na baada ya zamu, na iwekewe alama ya utalii. Kinachonisumbua ni pale inapowekwa ya kwanza, kama nilivyoona katika vitabu kadhaa vya kufundishia wageni, vyenye picha ya twiga juu na salamu ambazo hakuna Mswahili anayemsalimu nazo mwenzake.

Kwa hiyo, kwa walimu wanaojiandaa kwenda kusini, na kwa wale watakaowaandikia vitabu, pendekezo langu ni la utaratibu tu. Somo la kwanza lisianze na safari. Lianze na ndovu, nyati na fisi, kila jina likiwekwa kando ya jina la lugha ya nyumbani ya wanafunzi wenyewe, na mwalimu anyamaze kwa dakika chache wazione t na r zao. La pili liwe la hesabu, kwa sababu tatu, nne na tano zitawashangaza vile vile. La tatu liwe la mwendo, riendzo na ulendo. Safari ingoje sura ya usafiri, na mfano wake wa kwanza uwe abiria wa basi aliyetoka Dar es Salaam, akavuka Tunduma, akapita Lusaka na Harare, na sasa yuko katika foleni ya Beitbridge akiwa na begi moja, pasi mkononi, na namba ya simu ya binamu yake aliyeko Johannesburg. Mtoto wa Limpopo amewaona abiria hao stendi. Amuulize mmoja wao anatoka wapi na anakwenda kwa nani.