Usawazisho wa Pua ya Ndege
Somo kwa wenye mashine za mwigo nyumbani

Fungueni kurasa zenu, na yule asomaye upesi amngojee mwenzake.

Somo la leo ni juu ya ndege. Lakini si ndege ya kiwanjani. Ni ile iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo mtu hujifunza kuiongoza akiwa amekaa kitini kwake nyumbani. Programu za namna hii si jambo jipya. Ile ya Microsoft ilitoka kwanza mwaka 1982. Sisi tutaiita mashine ya mwigo.

Wengi wanaoanza hulalamika neno moja: "Ndege yangu haitulii. Pua yapanda, pua yashuka, na mkono wangu umechoka." Mikono yao haina kosa. Hawajafundishwa trimu, basi. Someni neno hili polepole: tri-mu. Maana yake ni usawazisho wa pua ya ndege.

Mfikirieni mchukuzi wa maji mwenye mzega. Debe la mbele likizidi uzito, mti huinama mbele. Anaweza kuuzuia kwa mkono njia nzima, lakini mkono utamuuma kabla hajafika. Mchukuzi ajuaye kazi yake husogeza mti begani kidogo, mpaka madebe yakae sawa. Kisha mkono wake huwa huru. Trimu ni kusogeza mti begani.

Sasa tutazame mkia wa ndege. Kuna ubao uliolala, na nyuma yake kuna kibawa kinachopanda na kushuka. Rubani akivuta usukani, kibawa hupanda, upepo hukandamiza mkia chini, na pua huinuka. Akisukuma, pua hushuka. Lakini ndege haitaki nguvu ileile kila wakati. Ikiongeza mwendo, pua yataka kupanda. Mwendo ukipungua, pua yataka kushuka. Hapo ndipo trimu inapohitajiwa.

Katika Cessna 172, ndege ndogo ya watu wanne ambayo marubani wengi sana wamejifunzia, trimu ni gurudumu dogo lililosimama wima kati ya viti viwili vya mbele, chini ya ubao wa saa. Ukilizungusha kwenda mbele, pua hushuka. Ukilirudisha nyuma, pua huinuka. Gurudumu hilo hugeuza kipande kidogo kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa kibawa cha mkia. Kipande kikishuka, upepo hukisukuma kibawa kizima juu. Kitu kidogo chaendesha kikubwa, wala rubani hatoi jasho.

Msidhani jambo hili ni dogo. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilianguka baada ya dakika chache, na watu wote 157 wakafa. Mwezi wa Oktoba 2018 nyingine ya aina hiyo, ya Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini huko Indonesia, wakafa watu 189. Katika ndege kubwa kama zile, trimu hugeuza ubao wote wa mkia. Katika ajali zote mbili kompyuta ya ndege ilipata habari mbaya kutoka kwenye kipimo kilichokosea, nayo ikageuza ubao huo mara kwa mara ili kushusha pua. Marubani walivuta usukani kwa nguvu, lakini mkia uliokwisha kugeuzwa vibaya ukawashinda.

Haya, turudi mezani kwenu. Chomekeni usukani wenu kwenye kompyuta, kisha fungueni ukurasa wa programu unaoonyesha kila kitufe na kazi yake. Maneno yake mengi ni ya Kiingereza. Tafuteni herufi hizi nne: T, R, I, M. Mtaziona mahali pengi, kwa maana kuna trimu ya mabawa na trimu ya usukani wa mkia pia. Ninyi mwataka ile ya kibawa cha mkia, nayo ina amri mbili: moja ya kuinua pua, moja ya kuishusha.

Wapeni vitufe viwili kazi hiyo, vile ambavyo kidole gumba hufikia bila kuachia usukani. Kitufe kilicho mbele kishushe pua. Kilicho karibu nanyi kiinue pua. Watu wengine hukosea hapa, wakiona kwamba kitufe cha juu lazima kiwe cha kupanda. Hapana. Fuateni gurudumu la Cessna: mbele ni chini, nyuma ni juu. Kisha, ndege ikiwa bado imesimama kiwanjani, bonyezeni na mtazame alama iliyo kando ya gurudumu kama inakwenda upande mnaoutaka. Jaribio hili ni la nusu dakika tu.

Angalieni pia kwamba hakuna chombo kingine kilichopewa kazi hiyohiyo. Programu hizi zina tabia ya kugawa kazi zenyewe mara unapochomeka kitu kipya, na usukani miwili ikishika kibawa kimoja, ndege hutetemeka kama mwenye homa. Kama kuna kazi iliyorudiwa, ifuteni.

Wako wanaonunua gurudumu la trimu la kuweka mezani. Ni zuri, lakini chagueni lile linalozunguka bila mwisho. Gurudumu lenye mwanzo na mwisho lina taabu moja. Rubani wa kompyuta akishika ndege, yeye husogeza trimu mwenyewe, na gurudumu lenu hubaki palepale. Mkilishika tena, trimu huruka ghafula kwenda mahali gurudumu lilipo, na ndege nayo hushtuka. Vitufe havina taabu hiyo.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa.

Katika Cessna ya kweli, ukizungusha trimu, mahali pa kupumzikia pa usukani huhama. Umevuta usukani, unazungusha trimu, nao unakuwa mwepesi palepale ulipo mkononi mwako. Usukani wa nyumbani si hivyo. Una springi ndani yake, na springi hiyo haijui habari za trimu. Kila mara yataka kurudi katikati.

Kwa hiyo kazi yenu ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza wekeni pua mahali mnapotaka kwa usukani, na mwishike hapo. Halafu bonyezeni kitufe cha trimu kidogokidogo, upande uleule mnaovuta au kusukuma. Pua ikianza kusogea, legezeni usukani kwa kadiri ileile. Bonyeza, legeza. Bonyeza, legeza. Usukani ukifika katikati na pua haijahama, mmemaliza.

Mkiachia usukani kwa mara moja, pua itaanguka au itaruka. Na mkijaribu kuongoza ndege kwa trimu peke yake, mtaikimbiza pua mpaka jioni. Usukani huweka pua. Trimu hupumzisha mkono.

Tena, msisawazishe kabla mwendo haujatulia. Mkimaliza kupanda, shusheni pua kwanza, ngojeni mwendo uongezeke, punguzeni moto wa injini, ndipo mshike trimu. Atangulizaye trimu atairudia mara tatu.

Neno moja kwa wapendao ndege kubwa: Airbus A320 ikiwa hewani na mitambo yake mizima, hujisawazisha yenyewe. Humo acheni vitufe vyenu vya trimu.

Kazi ya juma hili ni hii. Chukueni Cessna 172 kwenye uwanja wa pwani, kama Tanga au Zanzibar. Msichague Nairobi, kwani pale ardhi yenyewe iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Kabla ya kuruka, wekeni trimu kwenye alama ya kupaa. Pandeni kwa mwendo wa maili za bahari 75 hivi kwa saa, na msawazishe mnapopanda. Mkifika futi 3,000 nyosheni ndege, ngojeni, sawazisheni tena. Kisha ondoeni mkono kabisa, mhesabu mpaka thelathini. Pua ikipanda na kushuka polepole, msiifukuze, iacheni kwanza. Andikeni katika madaftari yenu futi mlizoanza nazo na futi mlizomaliza nazo, na tofauti yake.

Mkono ukiwa umeondoka na tofauti haikuzidi futi 100, jaribuni tena kwa mwendo wa maili 90. Kwaherini.