KUPIMA MAONI YA WATU JUU YA CHUO CHA GARISSA

(Hotuba ya kamati ya elimu, iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Katika mkutano uliopita wanachama walituuliza swali, nasi tukaamriwa tulijibu leo. Swali lilikuwa hili: Watu wa Garissa wanakionaje chuo kikuu chao? Liliulizwa kwa sababu baadhi ya watoto wetu wamepata barua za kuitwa kusoma huko. Wazazi wengine wamekwisha nunua masanduku, na wengine wasema barua hiyo wataichana. Tena wako wenzetu waliozaliwa huko huko, na maneno ya kuchana barua yawauma, kwa maana ni kama kuambiwa kwamba kwao si mahali pa mtu kuishi.

Sisi wa kamati hatukuja na jibu la ndiyo wala la hapana. Twaja na neno linalotangulia jibu, yaani namna ya kuuliza. Mtu akiuliza vibaya hupata jibu baya, na jibu baya likipigwa chapa na kugawanywa, watu huliamini kwa kuwa limeandikwa.

Kwanza tukitaje chuo chenyewe, ili sote tuanze mahali pamoja. Reli haijafika Garissa. Imo katika mipango ya njia ya Lamu iliyozinduliwa mwaka 2012, lakini mpaka leo mtu huenda kwa barabara, kilomita zaidi ya 350 kutoka Nairobi, akavuka daraja la mto Tana na kuingia mjini. Hapo palikuwa na chuo cha walimu. Mwaka 2011 serikali ilipageuza pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na hicho ndicho chuo cha kwanza cha serikali cha daraja hiyo katika nchi yote ya kaskazini mashariki. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi alfajiri, watu wa Al-Shabaab waliingia na bunduki wakaua watu 148, na katika hao 142 walikuwa wanafunzi. Chuo kikafungwa. Wanafunzi waliosalimika wakapelekwa Eldoret kumaliza masomo yao. Januari 2016 milango ikafunguliwa tena kwa wanafunzi wachache, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Garissa, kinachojitegemea.

Hayo ndiyo yaliyotendeka. Lakini maoni ya watu ni jambo jingine. Watu wawili waweza kujua habari zile zile, mmoja akasema "Chuo kimekufa," na mwingine akasema "Chuo kimefufuka." Ndipo inapotupasa kupima.

JAMBO LA KWANZA: NI NANI ANAYEULIZWA?

Wazee wa reli watakumbuka yule fundi aliyepita kando ya gari akigonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Fundi huyo hakuchagua magurudumu yaliyo safi, wala yale ya karibu na jukwaa la stesheni. Aligonga yote, maana gari haliangushwi na gurudumu lililo zima.

Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilitaka kujua ni nani atakayechaguliwa kuwa rais. Lilipeleka karatasi za maswali kama milioni 10, na zaidi ya milioni 2 zikarudi. Gazeti likatangaza kwamba Landon atashinda. Siku ya kura Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kosa lilikuwa wapi? Wengi wa walioandikiwa walipatikana katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na miaka ile watu hao walikuwa wenye nafasi. Tena waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Basi wingi wa karatasi haukulisaidia gazeti hata kidogo.

Sasa tuilete habari hiyo Garissa. Tukienda na karatasi za Kiingereza tukasimama langoni pa chuo, tutawapata wanafunzi, wenye maduka ya karibu, na wapangishaji wa vyumba. Hao watasema chuo ni chema, na wana haki, kwa kuwa wanafunzi wakija biashara yao yaenda. Lakini mfugaji aliye mbali na ngamia wake hatukumwuliza. Mkulima Mpokomo wa kando ya mto hatukumwuliza. Mama mwenye binti aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani hatukumwuliza. Na mzazi wa Machakos au wa Kisumu aliyeikataa barua hatukumwuliza kabisa, kwa sababu yeye hayuko Garissa. Huyo wa mwisho ndiye mwenye habari kubwa kuliko wote. Mtu aliyekwenda zake hujua sababu ya kuondoka, na asiyeulizwa huondoka nayo.

Kwa hiyo twasema waulizwe makundi yote: waliosoma, walioacha, waliokataa kuja, na wale ambao chuo hakijawafikia hata kwa jina. Wafugaji waulizwe wakati wa mvua, watu wanaporudi karibu na vijiji, wala si wakati wa ukame ambapo kila mtu amekwenda kutafuta maji.

JAMBO LA PILI: SWALI LENYEWE

Hata neno "chuo" lahitaji uangalifu. Sisi tuliosoma misheni tukisikia chuo twafikiri majengo ya walimu na cheti. Lakini kwa Kiswahili cha pwani chuo ni mahali pa kusoma Kurani, na mzee Mwislamu ukimwuliza kama chuo ni kizuri, aweza kukujibu kwa moyo wote kwamba ni kizuri sana, naye anasema habari za chuo cha mtoto na ubao wake, kile Wasomali wanachokiita duksi. Wewe utaandika kwamba mzee amekisifu chuo kikuu. Afadhali swali lisemwe kwa Kisomali, au kwa lugha ya mtu mwenyewe, na mahali penyewe pakatajwa.

Tena tusiunganishe maswali mawili katika moja. Mtu akiulizwa, "Je, mafunzo na usalama ni vizuri?" atajibu nini ikiwa aona mafunzo ni mazuri lakini alala kwa hofu? Mafunzo yaulizwe peke yake, usalama peke yake, karo peke yake, vyumba vya kulala peke yake.

Na neno "kizuri" tuliache. Kila mtu mwenye adabu humwambia mgeni kwamba kitu ni kizuri. Sisi wenyewe twalijua jambo hili. Pahali pamoja tulipofanya kazi, ofisi ilituletea karatasi ya kuuliza tuliionaje kantini. Karatasi zile ziligawanywa na msimamizi, tukazijaza mbele yake, naye akazikusanya kwa mkono wake. Wote tuliandika "nzuri". Mchana ule ule tukaenda kula kwa mama wa nje ya geti, kama siku zote. Ofisi ikapokea sifa, na kantini ikabaki haina walaji.

Ndipo twasema, swali liulize matendo. "Je, utampeleka mwanao?" "Je, utampeleka binti yako kama utakavyompeleka kijana wako?" "Kama hapana, ni sababu gani ya kwanza?" "Je, wamjua mtu aliyemaliza hapo, naye sasa afanya kazi gani?" Mtu aweza kukupa neno zuri bure, lakini mtoto wake hatakupa bure.

JAMBO LA TATU: NI NANI ANAYEULIZA?

Hili ndilo zito kwa nchi ile, nasi twaomba tulikalie kidogo.

Watu wa kaskazini mashariki hawakuanza jana kuulizwa maoni. Mwaka 1962, Kenya ikikaribia uhuru, Waingereza walipeleka tume ya watu wawili, mmoja Mnigeria na mmoja Mkanada, kuzunguka katika jimbo la mpakani na kuwauliza wenyeji wataka nini. Watu walitoka katika mabaraza wakasema. Tume ikaandika kwamba Wasomali, karibu wote, wataka kuungana na Somalia. Machi 1963 Serikali ya Uingereza ikatangaza jambo jingine: watakuwa mkoa wao wenyewe ndani ya Kenya. Wasomali wengi wakakataa kupiga kura mwaka ule, na baadaye vikaja vita vya shifta mpaka mwaka 1967, na sheria za hali ya hatari zilizodumu katika nchi ile hata mwaka 1991. Hatusimami hapa kusema mpaka ungepita wapi. Twasema hili tu: watu waliulizwa, wakajibu waziwazi, na jibu lao likawekwa kando.

Mwaka 1989 wakaulizwa tena, safari hii kama wao ni Wakenya, wakapangwa mistari na kupewa kadi za kuonyesha. Mwaka 2009 wakahesabiwa pamoja na Wakenya wote, na mwaka 2010 waziri akazifuta hesabu za wilaya nane za kaskazini, Lagdera ya Garissa ikiwamo, akisema zimezidi kiasi, na wenyeji wakaenda mahakamani.

Basi mzee wa miaka themanini akimwona kijana amekuja na kalamu na karatasi, usishangae akinyamaza au akijibu lile analodhani kijana ataka kulisikia. Si ujinga, ni kumbukumbu. Kwa hiyo mwulizaji awe mtu anayejulikana mahali pale, aseme ametumwa na nani na kwa sababu gani, asiandike majina ya watu, na wanawake waulizwe na wanawake wenzao. Mkubwa wa chuo asiulize habari za chuo chake, kama vile msimamizi hafai kuuliza habari za kantini.

JAMBO LA NNE: BAADA YA KUULIZA

Kuuliza ni ahadi. Ukimwuliza mtu ana njaa gani, amekwisha kutazama mkono wako. Kama hatuna nia ya kufanya neno lolote, heri tusiulize. Na majibu yarudishwe kwa wenyewe, yasomwe barazani kwa lugha yao, mabaya pamoja na mazuri. Kisha mwaka ujao yaulizwe maswali yale yale, kwa watu wa namna ile ile, tuone kama imani imepanda au imeshuka. Kipimo cha siku moja hakionyeshi mwendo.

Yuko atakayeuliza, "Haya yote yawahusu nini watu wa reli?" Twamjibu hivi. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, wakauawa watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Walimu wengi wa bara wakakataa kurudi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, katika Garissa, na walimu wasio wenyeji wakahamishwa tena. Watoto wakabaki darasani wakitazama ubao. Hao waliouawa walikuwa wafanyakazi kama sisi, waliokwenda mahali walipopangwa kazi. Na hao watoto watapata wapi walimu, kama si kwa vijana wa huko huko watakaofundishwa karibu na kwao? Chuo kile kikikosa imani ya watu, watakaoumia kwanza ni watoto wa darasa la kwanza wa Garissa, Wajir na Mandera.

Tena tusisahau Desemba 2015. Basi jingine likatekwa karibu na El Wak, na wenye bunduki wakataka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafa Januari 2016. Sisi wa vyama vya wafanyakazi twasema kila siku kwamba umoja ni nguvu, na watu wale walilisema hilo mbele ya bunduki. Kwa hiyo mwanachama akisema kwamba watu wa huko wote hawatutaki, ajue kwamba hilo nalo ni maoni yasiyopimwa.

Sasa mashauri yetu ni haya matatu. La kwanza, wazazi wenye barua wasizichane wala wasizikubali kwa kusikia tu. Tawi lichague watu wawili waende pamoja nao, wakaone mabweni, walinzi, maktaba na madarasa kwa macho yao, wakazungumze na wanafunzi bila mkubwa kuwapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. La pili, wenzetu waliozaliwa Garissa ndio watunge maswali pamoja nasi, na kuyaweka katika Kisomali na Kipokomo. La tatu, wazazi waliokwisha kukataa nao waulizwe sababu, bila kuchekwa, kwa maana hofu ya mzazi baada ya mwaka 2015 si kitu cha kuchezea.

Majibu yatachapwa katika karatasi hii hii, yote, hata yale yatakayotuudhi. Tukiyafungia kabatini, tutakuwa tumefanya kama waliofanya mwaka 1963, na mwaka ujao hakuna atakayetufungulia mlango.

Umoja ni nguvu.