Deraya za Jumamosi

Neno deraya siku hizi tunalisikia zaidi kwenye taarifa ya habari, pale tunapoambiwa kwamba magari ya deraya yameonekana barabarani katika mji fulani wenye machafuko. Lakini kabla neno hilo halijapewa gari lilikuwa la mtu. Deraya ilikuwa vazi la chuma la askari wa zamani, na wasomaji wa Biblia wanazikumbuka chapeo na dirii katika waraka wa Paulo kwa Waefeso. Watu wa pwani yetu walilijua vazi hilo kwa upande mbaya, maana Wareno wa Francisco de Almeida waliotua Kilwa na Mombasa mwaka 1505 walikuja na chuma vifuani na vichwani.

Leo nataka kuwazungumzia watu wanaolivaa vazi hilo katika zama zetu hizi, tena kwa hiari yao na kwa fedha zao wenyewe. Wako Marekani, Uingereza, Poland, Ufaransa, Ukraine na kwingineko. Siku za kazi ni makarani, mafundi bomba, walimu na wauguzi. Ikifika Jumamosi wanapakia kwenye buti la gari mzigo wa chuma wa kilo thelathini hivi, wanakwenda uwanjani, wanauvaa, na wanatwangana kwa mapanga na mashoka mpaka jasho linawachuruzika hadi viatuni. Jioni wanakaa pamoja na kunywa bia. Ndiyo burudani yao, kama wengine walivyo na kandanda.

Najua wapo watakaosema kwamba wazungu wamekosa kazi. Pengine. Lakini kabla ya kucheka, hebu tuvitazame vifaa vyao, kwa sababu vina habari ambayo sinema hazikutupa.

Vyama vya watu hawa ni vingi, nami nitavitenga katika makundi mawili tu. La kwanza lilianza kama mzaha tarehe 1 Mei 1966 huko Berkeley, California, katika tafrija iliyofanyika uani kwa Diana Paxson, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya. Kutokana na tafrija hiyo kikazaliwa chama kinachoitwa Society for Creative Anachronism. Hawa hawapigani kwa chuma. Upanga wao ni henzerani, ufito uleule unaotengenezewa viti na bakora, wenye unene wa milimita 32 au zaidi. Wameichagua henzerani kwa sababu ya tabia yake: ikichoka haivunjiki kuwa vijiti vyenye ncha vinavyoweza kumchoma mtu jichoni, bali inachanuka nyuzinyuzi kama mswaki. Na wana kanuni moja iliyonifurahisha sana. Anayeamua kama pigo lilitosha kuua ni yule aliyepigwa. Anajihesabia mwenyewe, anaanguka, anakufa. Hebu fikirini kandanda yetu ingekuwaje kama beki ndiye angejipulizia penalti.

Kundi la pili ni la chuma halisi. Mwaka 2010, katika ngome ya Khotyn magharibi mwa Ukraine, timu za nchi nne, yaani Urusi, Ukraine, Belarus na Poland, zilikutana kwa mashindano waliyoyaita Battle of the Nations. Mapanga yao hayana makali. Ukingo wake lazima uwe na unene wa milimita 2 au zaidi. Hata hivyo chuma ni chuma. Wanapigana kundi kwa kundi, na anayeangushwa chini ametoka mchezoni. Huko mifupa huvunjika, na kizunguzungu cha kupigwa kichwani ni jambo la kawaida kuliko wanavyopenda kukiri.

Sasa tuje kwenye mavazi. Mgeni wa mambo haya hulikimbilia bamba la kifuani, kwa sababu ndilo linalong'aa. Wenyeji wa mchezo watamwambia anunue kwanza chapeo, kisha nguo. Naam, nguo. Chini ya chuma huvaliwa koti nene la kitani au pamba, limeshindiliwa na kushonwa mistari mistari kama godoro, nao huliita gambesoni. Chuma huzuia upanga usikate, lakini hakizuii uzito wa pigo. Uzito huo unapita kwenye bamba na kuja mwilini, na ni koti hilo linaloupokea na kuutawanya. Askari maskini wa zama hizo, asiyeweza kumlipa mhunzi, alikwenda vitani na koti hilo peke yake, na lilimfaa. Aliyevaa chuma bila koti ni sawa na mtu aliyejifunika sufuria kisha akagongewa mwiko.

Juu ya koti huja deraya ya pete, yaani shati lililofumwa kwa vipete vya chuma zaidi ya elfu ishirini, kila kipete kikipita ndani ya vingine vinne. Zile nzuri zina kiribiti kidogo kinachofunga kila pete. Zile za bei nafuu pete zake zimekutanishwa ncha tu, na pigo moja la nguvu linazifumua. Shati hilo lina uzito wa kilo kumi au zaidi, na lote huning'inia mabegani mpaka ufunge mkanda kiunoni, ndipo nusu ya mzigo inashukia nyongani. Adui yake mkubwa ni kutu. Watu wa kale waliliviringisha ndani ya pipa lenye mchanga ili lisugulike, na wapo wa leo wanaofanya vivyo hivyo uani kwao, majirani wakishangaa kelele.

Kisha chapeo. Ninyi mnaojenga nyumba mnajua habari ya geji: bati la kuezekea ni geji 28 au 30, na kadiri namba inavyopungua ndivyo bati linavyozidi unene. Wale wa henzerani hawaruhusu chapeo iliyo nyembamba kuliko geji 16, yaani kama milimita 1.6. Wale wa chuma aghalabu hupita milimita 2. Ndani huwekwa sponji nene au kitambaa kilichoshindiliwa, na kamba ya kidevu hukazwa mpaka chapeo igeuke pamoja na kichwa. Mbele, mwanya wa macho usizidi kipimo kilichowekwa, ili ncha ya silaha isipenye.

Na bei? Seti nzima ya kupigania kwa chuma inafika dola za Marekani 2,000 na kuzidi. Kwa fedha hizo hapa kwetu unanunua pikipiki mpya ya bodaboda na unabakiwa na chenji. Kwa hiyo wasiojiweza hutumia akili. Huko Marekani wengi wa kundi la henzerani huanza na pipa la plastiki la bluu, kama haya tunayowekea maji. Wanalikata vipande, wanavipasha moto vipinde kufuata kifua na mapaja, wanatoboa, wanafunga kwa kamba za ngozi, na juu wanavaa kanzu ya kitambaa kuficha. Mimi nawapa heko hao kuliko aliyeagiza kila kitu kwa barua.

Kuna jambo la ajabu katika uzito. Deraya kamili ya mabamba ya karne ya 15 ilikuwa na kilo 20 hadi 25, na vipande vya mikononi na miguuni mara nyingi havikuzidi milimita 1 kwa unene. Fundi wa wakati huo alijua mahali pa kuacha chuma kinene na mahali pa kukipunguza. Zile hadithi za mashujaa wa kupandishwa juu ya farasi kwa winchi ni uzushi wa baadaye, na filamu ya Henry V ya mwaka 1944 ilisaidia kuueneza. Mtu aliyezoea alipanda mwenyewe. Wa leo, anayedai kumwiga, amevaa kizito zaidi, kilo 30 na kupita. Sababu ni rahisi. Mwenye deraya wa zamani huenda alipigana vita vichache maishani. Wa leo anagongwa kila Jumamosi mwaka mzima, na Jumatatu anatakiwa kazini. Chuma chembamba cha babu kingebonyea kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana baadhi wamehamia kwenye titani, jambo linalowakera sana wapenda uhalisi.

Hata hicho chepesi cha kale kilichosha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliwapandisha kwenye mashine ya kukimbilia watu wa makumbusho wanaofanya maonyesho ya deraya, wakapima hewa wanayovuta. Waliona kwamba kutembea ndani ya deraya kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya kutembea bila hiyo. Chuma cha miguuni hubebwa upya kwa kila hatua, tofauti na mzigo wa mgongoni, tena kifua kilichobanwa hakiwezi kupanuka, kwa hiyo mtu hupumua kwa pumzi fupi fupi.

Lakini lililonifanya nilete habari hii redioni ni kanuni za mahali pasipopigwa. Wale wa henzerani hawaruhusiwi kupiga magoti na chini yake. Wale wa chuma wamekatazwa kisogo, kinena, nyuma ya goti na nyayo, na pia kuchoma kwa ncha. Ukizisoma kanuni hizo utadhani ni za usalama tu, kama zile za kuvaa mkanda ndani ya gari. Sasa fuatana nami hadi kisiwa cha Gotland, Sweden.

Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark lilikutana na wakulima wa kisiwa hicho nje ya ukuta wa mji wa Visby. Wakulima walichinjwa. Watu wa mjini walibaki ndani ya kuta zao, na baada ya siku chache wakasalimu amri. Maiti zilitupwa katika mashimo. Yalipofukuliwa, kati ya 1905 na 1930, ilipatikana mifupa ya watu zaidi ya 1,100, wakiwamo vijana wadogo na wazee waliochakaa. Alama nyingi za upanga zilikuwa miguuni, chini ya goti. Ngao inamkinga mtu mpaka magotini; chini yake adui aliyezoea kazi anafyeka kama anayefyeka majani.

Tuje kwa Mfalme Richard III wa Uingereza, aliyeuawa Bosworth mwaka 1485. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Wachunguzi walikuta majeraha tisa kwenye fuvu, na yale mabaya kuliko yote yako nyuma, chini ya kisogo. Alikuwa amepoteza chapeo. Mwaka 2014 kijana mmoja Mwingereza, mpenzi wa mchezo huu na mwenye uti wa mgongo uliopinda ubavuni kama wa mfalme huyo, alitengenezewa deraya ya kipimo cha mwili wake. Alipanda farasi na akapigana vizuri, ingawa Shakespeare alituonyesha kibyongo asiyejiweza.

Basi kisogo ni cha Richard, na miguu ni ya wakulima wa Gotland. Walioandika kanuni za mchezo, wakitaka au wasitake, wameorodhesha mahali watu walipofia.

Kuna na zaidi. Wafu wa vita walizoea kuvuliwa kila kitu, lakini kule Visby maiti zilikuwa nyingi na joto la Julai lilikuwa kali, hivyo baadhi walizikwa na deraya zao: mabamba ya chuma yaliyopigwa ribiti ndani ya koti. Bengt Thordeman alizieleza bamba kwa bamba katika vitabu vilivyotoka mwaka 1939 na 1940, na vitabu hivyo ndivyo kielelezo cha mafundi hadi leo. Ukitaka deraya ya aina hiyo unaagiza kwa jina la Visby, unachagua ukubwa, unachagua rangi ya ngozi. Mimi sioni ubaya wa kuishona upya. Ila naona fundi anayeiuza anapaswa kumwambia mnunuzi kwamba mfano wake ulitolewa shimoni, juu ya mbavu za mkulima aliyevaa chuma cha kizamani kwa kuwa hakuwa na kingine, na kwamba haikumsaidia. Wengi wao wanalijua hilo. Tangu 1984 mji wa Visby umekuwa ukifanya juma la sherehe za zama hizo kila Agosti, na wapo wanaotoka nje ya ukuta kwenda kusimama kwenye msalaba wa mawe uliowekwa kwa ajili ya wale wafu.

Wachezaji wa Khotyn nao wamejifunza kwa njia yao. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, wapo waliowahi kukutana kwenye mashindano kwa mapanga butu ambao walijikuta pande mbili za vita ya kweli. Chapeo ya milimita 2 iliyowagharimu mishahara ya miezi haikuwa na kazi mbele ya mizinga.

Nimalizie na kifaa kimoja ambacho si cha chuma. Ndani ya chapeo mtu haoni pembeni wala hasikii vizuri. Kwa hiyo wale wa henzerani wana neno moja, maana yake "simama". Mtu yeyote anaruhusiwa kulitamka: mwamuzi, mpiganaji, hata mtazamaji aliyeona kamba ya chapeo imefunguka. Mmoja akilipaza, kila aliyelisikia analipaza tena ili limfikie wa mbali, na hata wakiwa mamia uwanjani wote wanaacha kupiga, wanapiga goti moja, wanangoja.