KWA NINI WANAKAA PEKE YAO? MANENO YA UONGOZI KWA WANACHAMA WA TAWI



Haya ndiyo tuliyosema kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma kwa ambao hawakufika.

Mitaani linasikika swali: kwa nini watu wenye asili ya nje hukaa peke yao? Wengi hujibu haraka, "wanajidai." Sisi wa Mafiga tusijibu hivyo, maana Mazimbu ni jirani zetu na historia yake tunaijua.

Baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu. Shule ikaanza mwaka 1978, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 1979. Wakajenga mabweni, karakana na hospitali, wakaishi humo humo.

Kwa nini hawakusambaa mjini?

1. Usalama. Makaburu walivuka mipaka kuua wakimbizi: Matola, Msumbiji, mwaka 1981, Maseru, Lesotho, mwaka 1982.
2. Ardhi. Walipewa eneo moja, si viwanja mitaani.
3. Lugha. Walisoma kwa Kiingereza, kwa mtaala wao.
4. Nia ya kurudi. Anayengoja kurudi kwao hajengi ugenini.

Hapo maringo yako wapi?

Warundi waliokimbia mwaka 1972 nao walipelekwa na serikali Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla ya watu zaidi ya 160,000 kati yao kupewa uraia. Uhindini na Uzunguni za miji yetu nazo zilitokana na mkoloni kugawa maeneo kwa rangi. Mipaka iliwekwa na wenye madaraka. Sisi tumeirithi, tukaiita tabia ya watu.

Lakini binadamu hafungiki. Hospitali ya Mazimbu ilitibu Watanzania pia, na dada zetu walioana na kuzaa na vijana wale. Mazimbu ilipokabidhiwa kwa serikali mwaka 1992, baadhi waliondoka na familia zao, wengine waliziacha. Watoto walioachwa leo ni watu wazima, nao ni wa Morogoro.

Kwa hiyo tunasema wazi: aliyezaliwa nchini na mama Mtanzania ni raia wa kuzaliwa. Ndani ya tawi hili asiambiwe "wewe wa kuja," wala asicheleweshewe kadi kwa sababu ya jina la baba yake. Asiye na cheti cha kuzaliwa asaidiwe kufuatilia RITA, asiachwe ahangaike peke yake.

Na zile familia tusizoziona vikaoni, kabla ya kusema wamejitenga, tujiulize: nani kati yetu aliwahi kupiga hodi? Tulifika kwenye msiba wao? Tuliwaalika kwenye shughuli yetu?

Kila balozi wa shina aanze na nyumba moja wiki hii, alete taarifa kikao kijacho. Muwasomee na wasio na simu.

Uongozi wa Tawi
Mafiga, Morogoro