Mtu wa Mizani: Kazi ya Mdhibiti wa Usafiri wa Anga



Historia ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania mnaijua, ilianza kazi Novemba 2003; nairuka. Kilichonipandisha jukwaani ni kauli inayozagaa tangu Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipoyafungia anga lake mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania: eti Mamlaka ingepaswa kuilea Air Tanzania badala ya kuibana, maana vyote viwili ni vya Serikali.

Kauli hiyo haisimami hata kwa mguu mmoja. Desemba 2024 Ulaya iliizuia Air Tanzania peke yake. Miezi sita baadaye ikazuia wote, hata mwenye kindege cha kupeleka watalii Serengeti ambaye hajawahi kuota kutua Paris. Kwa nini? Lawama ilikwishahama kwenye ndege ikamfuata anayezikagua: wakaguzi wenye sifa hawatoshi, usimamizi hauna makali. Anayetaka mkaguzi alegee anaongeza kilekile kilichotufikisha hapa.

Wapo wanaosema ni dharau ya Wazungu. Nawaelewa, orodha ile ya mashirika yaliyofungiwa ina Waafrika wengi mno. Lakini wasome ibara ya 33 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ambayo nimeikariri nyumbani hadi mke wangu anaijua. Cheti cha nchi moja hutambuliwa na nyingine iwapo masharti ya kukitoa yanafikia viwango vya chini vya mkataba au kuvizidi. Liangalieni hilo “iwapo”, lilivyo dogo! Bila hilo, mhuri wetu ungetosha popote. Pamoja nalo, mgeni ana haki ya kuuliza tuliupigaje.

Mkaguzi asiyelegea nilimwona ujanani. Nilipanda lori la mjomba, viazi juu ya viazi, kila gunia lumbesa. Mizani ya Makambako ikatukamata. Mjomba akamwita mtu wa mizani kaka, akamwita mwanangu, mwisho akamwita mkwe. Yule akasoma namba, akatuonyesha pa kushushia mzigo. Nilimchukia siku nzima.

Desemba 2008 Mamlaka ilikuwa na mtu wa aina hiyo. Iliinyang’anya Air Tanzania cheti cha uendeshaji, ndege za Serikali zikakaa chini kwa amri ya chombo cha Serikali, hadi cheti kiliporudishwa. Undugu haukuvunjika.

Sasa lile ambalo wanataaluma wenzangu wamechoka kulisikia. Mamlaka inayokagua ndiyo hiyohiyo inayoongoza ndege angani, yenye rada Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Najua wataalamu ni wachache, kuzigawa taasisi ni gharama, na kutenganisha idara ndani ya nyumba moja kunakubalika kimataifa. Hoja hizo zina uzito, nimezipima. Bado nataka kazi hizo mbili zigawanywe. Siku ile Makambako, mtu wa mizani hakuwa na lori lake kwenye foleni.