Mipaka ya Wakala wa Jamaa

Jambo letu la leo huanza kwa mapenzi na mara nyingi huishia kwa uhasama, nalo ni mtu kukubali kuwa wakala wa mzazi, shangazi au ndugu aliyelemewa na uzee, akapewa hati ya kukusanya kodi, kutoa fedha benki na kutia saini kwa niaba yake.

Sheria ya Mikataba iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961, ambayo ilirithi mengi kutoka sheria ya Uhindi ya mwaka 1872, humtaka wakala afuate maagizo ya mwenye mali, atoe hesabu anapotakiwa, wala asijinufaishe kwa siri. Na aliyeruhusiwa kukusanya kodi tu hana ruhusa ya kuuza nyumba, hata jamaa wote wakimshauri hivyo.

Tuchukulie kijana wa Tanga anayesimamia nyumba ya shangazi yake, ambaye binamu yake amemjia barazani kutaka kodi ya chumba kimoja alipie ada ya mwanawe, akidai kuwa mali ya shangazi ni ya wote. Ajibu kwa upole, “Ndugu yangu, shangazi yu hai na akili zake timamu, kamwombe mwenyewe, naye akiniamuru nitakupa leo hii.” Kisha afungue daftari lake, upande mmoja kodi iliyoingia, upande wa pili mabati, misumari na ujira wa fundi, kila stakabadhi imebanwa mahali pake, na fedha hizo zikae katika akaunti mbali na zake.

Na hapa nasema kwa uchungu, kwa kuwa jamaa wengi humdhulumu wakala bila kukusudia: wakishamwona ana hati, humtwika pia uuguzi, kupika na kukesha hospitali, ilhali hati ya mali haimfungi kwa hayo, ambayo ni wajibu wa ukoo mzima.

Mwenye mali akifariki au akipotewa na akili, kwa kawaida uwakala hukoma, na mambo yake hupelekwa mahakamani; anayeendelea kutoa fedha kwa hati ile ile hujitia hatarini.

Basi nawasihi, kabla ya kutia saini, kaeni na mzee mbele ya wanawe, mwandike waziwazi lipi wakala atalifanya, lipi hatalifanya, na hesabu itasomwa lini.